Radhi za mama hazimo ndani ya cheti

 

Ndugu msomaji, liko swali ambalo mabinti wa madrasa yetu ya mwisho wa wiki hapa Kariakoo huniuliza mara kwa mara, na aghalabu huliuliza wenzao wakishaondoka. Swali lenyewe ni hili: "Ustadhati, nikikataa kusomea anachotaka mama, nitakosa radhi?"

Wanaouliza si watoro wala wakorofi. Ni mabinti wanaoswali, wanaosaidia kazi za nyumbani na wanaorudi tuisheni kabla ya Magharibi. Wengi wao ni watoto wa akina mama waliotoka mbali. Wako ambao mama zao ni wa Hadhramaut, wako wa Ngazija, wako wa Unguja na Pemba, na wako wa Mogadishu waliokimbia baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Mama mmoja anataka daktari, mwingine anataka mwanasheria, mwingine hajali ni kazi gani ilimradi matokeo ya kidato cha nne yawe divisheni wani na jina la ukoo litajwe. Binti akishika nafasi ya pili darasani, anaulizwa wa kwanza ni mtoto wa nani.

Nimeona mabinti walioacha kula wakati wa mitihani. Nimemwona mmoja aliyeficha matokeo yake mwezi mzima kwa kuogopa machozi ya mama yake, si fimbo. Hili si jambo dogo, kwani kwa Muislamu neno "radhi" linagusa akhera yake. Kwa hiyo leo, inshaallah, tulitazame kwa mizani mbili: mizani ya kumwelewa mama, na mizani ya sheria.

KUTOKA KARIAKOO KWENDA POSTA

Kariakoo ni mtaa wa wageni tangu asili yake. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ukitoka hapo kwa miguu kwenda Posta, unavuka Mnazi Mmoja. Uwanja ule wakoloni waliuacha wazi makusudi, uwe mpaka kati ya mji wa Waafrika na sehemu nyingine za mji. Ukoloni umekwisha na mpaka umefutika, lakini katika mawazo ya akina mama wengi bado upo. Upande huu ni jua, meza ya biashara na kukimbizana na wateja. Upande ule ni ghorofa, meza ya ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana dua ya mama wa Kariakoo kwa mtoto wake imekuwa fupi: "Nikuone unafanya kazi Posta."

Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Alitoka Ngazija mwaka 1977. Visiwa vya Komoro vilikuwa vimejitangazia uhuru Julai 1975, na kabla ya mwezi kwisha serikali ikapinduliwa. Miaka iliyofuata, chini ya Ali Soilih, ilikuwa ya misukosuko, hata mambo ya ada yaliyoshikiliwa na wazee kwa karne nyingi yakapigwa marufuku. Mama akaja Dar es Salaam kwa jamaa zake. Hakuja mahali pageni kabisa, kwa sababu Wangazija walikuwepo hapa zamani, na hata chama cha kupigania uhuru wa Komoro, MOLINACO, kilikuwa na makao yake katika mji huu huu. Lakini jamaa si kwao. Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, akaanza kukaanga maandazi, baadaye akauza kanga.

Tangu nikiwa darasa la sita alikwishaamua kuwa nitakuwa mhasibu. Kila tulipokwenda mjini alinipitisha Mtaa wa Shaaban Robert ili tu anionyeshe Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972, na kuniambia kuwa pale ndipo nitakaposoma. Mimi hesabu nilikuwa naziweza. Moyo wangu, hata hivyo, ulikuwa kwenye ualimu. Nilipomaliza kidato cha sita na kumwambia hivyo, alinyamaza siku tatu, kisha akasema neno ambalo kila mtoto wa pwani analiogopa: "Fanya utakavyo, lakini radhi zangu usiziulize."

NYUMBA YA BINTI

Katika hali ile sikujibizana naye. Nilimwendea mjomba, ndugu wa mama kwa baba na mama, kwani kwa Wangazija mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Akaja, akatuketisha wote wawili, akamuuliza mama swali moja tu: "Unaogopa nini?"

Mama alisema maneno ambayo yamebaki nami mpaka leo. Alisema: "Mimi sina nyumba ya kumwachia."

Msomaji asiyejua mila za Ngazija huenda asione uzito wa maneno hayo. Kule nyumba ni ya mwanamke. Wazazi hujenga kwa ajili ya binti, hasa binti mkubwa, na akiolewa mume ndiye anayehamia kwake. Ardhi ya familia inayoshikwa kwa upande wa wanawake huitwa manyahuli, na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Wanazuoni wameijadili desturi hiyo kwa mizani ya sheria ya mirathi, na huo si mjadala wetu wa leo. Ninachotaka kionekane ni kwamba mwanamke wa Ngazija alilelewa akijua kuwa hata ndoa ikivunjika, hata mume akifa, yeye na wanawe hawataonyeshwa mlango.

Mama alipohama aliiacha nyumba hiyo nyuma. Mjini akawa mpangaji, akaonja kodi kupandishwa na notisi ya kuhama. Akatafuta kitu kingine cha kumpa binti yake mahali pa nyumba, akaona ni cheti. Kwa hesabu yake, biashara huungua lakini elimu haiungui. Na moto wa Julai 2021 ulioteketeza soko la Kariakoo, siku ile wafanyabiashara walipolia barabarani, ulimfanya aseme tena kuwa alikuwa na haki ya kuogopa.

Basi dada zangu, hapa ndipo penye ufunguo. Mama aliyehama akisema "uwe daktari" au "uwe mhasibu", mara nyingi hazungumzii udaktari wala uhasibu. Anazungumzia hofu. Mama wa Kisomali aliyeona mji wake ukigawanywa na bunduki anataka kitu ambacho hakiporwi. Mama wa Kihadhrami aliyelelewa na pesa za wanaume walio ng'ambo anataka binti asiyesubiri barua ya mtu. Kila mmoja amekiona alichopoteza, naye anamtaka binti akirudishe. Ukijibu amri yake bila kuijibu hofu yake, mtagombana miaka kumi kwa maneno yale yale.

SHERIA INASEMAJE?

Ama kwa upande wa sheria, tuanze na lisilo na mjadala. Wema kwa wazazi ni faradhi. Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu ameuweka wema huo mara tu baada ya amri ya kumuabudu Yeye peke Yake, akakataza hata guno la kuchoshwa nao. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani anayestahiki zaidi kutendewa mema alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Na imepokewa na Tirmidhi kwamba radhi za Mola zinafungamana na radhi za mzazi. Binti anayesoma makala hii ili apate ruhusa ya kumpandishia mama yake sauti, ruhusa hiyo haipo.

Lakini wema ni kitu kimoja, na kutii kila amri ni kitu kingine. Ushahidi mkubwa ni kisa cha Saad bin Abi Waqqaas (R.A.). Aliposilimu, mama yake aliapa kuwa hatakula wala kunywa mpaka mwanawe aache dini. Muslim amepokea kuwa alikaa siku tatu mpaka akazimia. Hilo lilikuwa shinikizo lisilo na mfano, mama kuiweka roho yake rehani mbele ya mwanawe. Aya iliyoteremka katika jambo hilo ilimkataza mtoto kutii katika shirki. Na katika Suratul Luqmaan, aya ya 15, katazo hilo hilo limefuatana na amri ya kukaa na wazazi hao hao kwa wema katika mambo ya dunia. Tuzingatie hapa: ikiwa kumkatalia mama katika jambo kubwa kuliko yote hakukumwondolea haki yake ya kutendewa wema, basi kutofautiana naye katika kazi ya kufanya hakuwezi kumwondolea haki hiyo, wala hakuwezi kumfanya binti kuwa ameasi.

Je, vipi katika mambo ya halali? Wanazuoni wameeleza kuwa mzazi hutiiwa katika lenye manufaa kwake na lisilo na madhara kwa mtoto. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa mwambao wetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameeleza kuwa haifai mtoto kutoka kwenda jihadi bila idhini ya wazazi wake Waislamu. Lakini safari ya kutafuta elimu iliyo faradhi kwa kila mtu haikuwekewa sharti hilo, na vile vile elimu ya faradhi ya kutosheleza, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Bila shaka yako masharti ya usalama wa safari, na mwanamke ana yake. Ila jambo limedhihiri: wanazuoni wetu, pamoja na kuitukuza haki ya wazazi, hawakuufanya mlango wa elimu kuwa na ufunguo mmoja mikononi mwa mzazi.

Imam Ghazali naye, katika kitabu cha elimu ndani ya Ihyaa, amezitaja tiba na hesabu kuwa miongoni mwa faradhi za kutosheleza, na akalalamika kuwa watu wa miji hukimbilia fani moja yenye jina na kuiacha nyingine ikiwa haina mtu. Maana ya faradhi ya kutosheleza ni kuwa mzigo ni wa umma mzima. Sisi Waislamu wa Tanzania tunawahitaji madaktari na wahasibu wetu, na ndiyo maana tulifurahi Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipoanza mwaka 2005. Tunawahitaji pia walimu, wauguzi, mafundi na wakulima. Tukimtwika binti mmoja wa chumba cha kupanga deni la umma mzima, tutakuwa tumeisahau aya ya mwisho ya Suratul Baqarah, inayotufundisha kuwa Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Kiko na kisa cha binti mmoja, kilichopokewa katika Sunan za Nasai na Ibn Majah. Alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa baba yake amemuoza kwa mpwa wake bila yeye kuridhia. Mtume akaliweka jambo mikononi mwake. Binti akasema kuwa amelipitisha alilofanya baba yake, ila alitaka wanawake wajue kuwa mababa hawana mamlaka hayo. Tazama adabu hiyo! Aliithibitisha haki na akaihifadhi heshima ya mzazi kwa wakati mmoja. Hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

KWA AKINA MAMA

Mama zangu, naomba mnisikilize kwa mambo matatu.

Kwanza, acheni masimango. Kumkumbusha mtoto kila jioni kuwa umekaanga maandazi miaka ishirini kwa ajili yake kunauharibu wema mkubwa mlioufanya. Katika Suratul Baqarah, aya ya 264, Mwenyezi Mungu ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Ikiwa hayo ni kwa maskini wa nje, vipi kwa mtoto uliyemzaa?

Pili, acheni kulinganisha. Nuuman bin Bashir (R.A.) amesimulia kuwa baba yake alipotaka kumpa zawadi yeye peke yake, Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia na akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Binti anayeambiwa kila siku kuwa binamu yake ndiye mtoto, ananyimwa kitu kikubwa kuliko zawadi.

Tatu, msiyafanye maneno ya radhi kuwa fimbo. Muslim amepokea katazo la Mtume (S.A.W.) la kuwaombea mabaya watoto wetu, isije ikasadifu saa ambayo dua hujibiwa. Mama mwenye hasira ya saa moja anaweza kutamka neno la kujutia umri mzima. Na lipo jingine: mtoto anayeambiwa kila wiki kuwa amekosa radhi, mwisho wake hukata tamaa ya kuzipata, akaacha hata kuzitafuta.

KWA MABINTI

Nanyi dada zangu, mambo ni manne.

Kwanza, msiishi maisha mawili. Wako wanaomwambia mama wanasoma kozi moja huku wamejiandikisha nyingine. Uongo huo siku ukifumuka, mama haumii kwa sababu ya kozi bali kwa sababu ya uongo, na hapo anakuwa na haki.

Pili, ulizeni habari za kwao. Muulize mama alipokuwa na umri wako alikuwa anataka nini, nyumba yao ilikuwaje, na alipoondoka alibeba nini. Wengi wetu tunazijua amri za mama zetu, safari zao hatuzijui.

Tatu, tafuteni mtu wa kati ambaye mama anamheshimu: mjomba, shangazi, bibi, au mwalimu wa madrasa. Binti akisema peke yake huonekana mkaidi. Maneno yale yale yakisemwa na mkubwa mwenzake, mama huyasikiliza. Na kabla ya yote hayo, swali istikhara.

Nne, na hili ndilo kubwa, mkikataa amri jibuni hofu. Kama mama yako anaogopa uzee bila mtu wa kumtunza, usimwambie tu kuwa moyo wako hauko kwenye uhasibu. Mwambie utamtunza vipi, kisha anza. Kumkimu mzazi asiye na uwezo ni wajibu wa mtoto mwenye uwezo, awe daktari au mwalimu wa shule ya msingi.

Siku ile mbele ya mjomba nilimwahidi mama mambo mawili: kwamba sehemu ya kila mshahara wangu itakuwa yake, na kwamba nitamtafutia nyumba. Mshahara wa mwalimu unajulikana. Tulicheza upatu, mimi na kaka yangu, tukanunua kiwanja Mbagala, tukajenga chumba baada ya chumba kwa miaka kumi na moja. Hati ina jina la mama. Hakuwahi kutangaza kuwa amebadili mawazo, na hadi leo akinitambulisha kwa mgeni hutanguliza kuwa hesabu nilikuwa napata mia. Lakini tangu alipokabidhiwa ufunguo ule, neno la kuninyima radhi sijalisikia tena.

Sisemi kuwa kila nyumba itakwisha hivyo. Wako akina mama ambao mioyo yao itachelewa kulainika, na kwao binti hana ila subira, kauli laini na dua. Ninachosema ni kwamba radhi za mama Mwenyezi Mungu hakuziweka ndani ya cheti cha fani fulani, wala ndani ya ofisi ya ghorofani Posta. Ameziweka ndani ya wema, na mlango wa wema uko wazi kwa kila binti, wa divisheni wani na wa divisheni foo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na awape mabinti zetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiiq.